Uzee wa Gari Hautibiwi kwa Oili Nzito

Ukiuliza Shinyalu gari lenye miaka kumi na tano litiwe oili gani, jibu linakuja kabla hujamaliza swali: 20W-50. Utaambiwa hivyo sokoni, utaambiwa Khayega kwenye barabara kuu ya Kisumu, na utaambiwa tena kwenye gereji za Kakamega mjini. Mafundi wanaotoa jibu hilo ni watu wa kazi, na siandiki kuwadharau. Naandika kwa sababu hapa kwetu Probox moja ndiyo karo ya watoto, ndiyo chakula cha nyumba mbili tatu, na ndiyo inayompeleka mama mjamzito hospitali usiku. Injini yake ikinoki kwa ushauri wa mazoea, anayelia ni mwenye gari. Basi nitayachukua madai ninayoyasikia mara kwa mara niyajibu moja baada ya jingine, na lile la kwanza nitakaa nalo zaidi maana ndilo mzizi wa mengine.

"Gari likizeeka, oili nayo iwe nzito."

Dai hili lina asili, na asili yake ilikuwa ya kweli. Fundi aliyejifunza kazi kwenye Peugeot 504, Datsun 1200 au Land Rover za zamani alijifunza kwenye injini zilizobuniwa wakati oili nzito ndiyo iliyokuwa kawaida ya dunia. 20W-50 ilikaa humo vizuri, na fundi huyo akamrithisha mwanafunzi wake neno hilo hilo. Mwenye Peugeot 504 inayotembea hadi leo asibabaishwe na mtu: 20W-50 au 15W-40 iliyo nzuri ndiyo haki ya injini yake.

Lakini gari kuukuu la Shinyalu ya leo si Peugeot. Ni Probox, ni Fielder, ni Premio, ni Nissan AD. Probox ilianza kuuzwa Japani mwaka 2002, na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, hizo za mwanzo zilifika kwetu zikiwa zimeshatumika, nasi tumezitumia miaka mingine mingi juu yake. Chini ya boneti ya nyingi mna injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, na hapo ndipo ushauri wa enzi ya Peugeot unapokwama. Injini hiyo ina VVT-i, mtambo unaowahisha au kuchelewesha kufunguka kwa valvu, nao unasukumwa na oili yenyewe. Oili hupita kwanza kwenye kichujio kidogo cha waya chenye matundu membamba, ikaingia kwenye valvu ya kuiongoza, ndipo kamshafti isogezwe mbele au nyuma. Kikazio cha taiming cheni nacho hutegemea presha ya oili. Oili hapo si ya kulainisha tu, inafanya kazi ya mkono, na mkono huo ulipimiwa 5W-30 au oili iliyo karibu nayo.

Sasa tuzitazame nambari zenyewe, kwa sababu wengi wanazisoma kana kwamba ni alama za mtihani, kubwa ndiyo bora. Zimewekwa na SAE, jumuiya ya wahandisi wa magari iliyoanzishwa Marekani mwaka 1905, katika kanuni inayoitwa J300. Nambari iliyo kabla ya W inaeleza oili inavyotiririka kwenye baridi. Ile ya pili inaeleza uzito wake injini ikishapata moto, na hupimwa kwenye nyuzi 100 za selsiasi. Kwenye joto hilo oili ya 30 huwa na mnato wa kati ya sentistoki 9.3 na 12.5, na ile ya 50 huwa kati ya 16.3 na 21.9. Injini ikiwa haijapata moto, pengo linapanuka: kwenye nyuzi 40 tu, oili ya kawaida ya 20W-50 huwa nzito mara mbili na nusu hivi kuliko 5W-30. Na asubuhi ya Shinyalu, ukungu ukiwa bado juu ya msitu, hata hizo nyuzi 40 ziko mbali.

Haigandi, nakubali. Oili ya 20W hujaribiwa uwezo wa kuruhusu injini kuzunguka kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, baridi ambayo Kakamega haijawahi kuiona. Mwenye gari hatakosa kuwasha kwa sababu ya 20W-50. Tatizo ni kuchelewa. Pampu inaivuta kwa shida kutoka kwenye sampu, kamshafti iliyoko juu inazunguka ikiwa haijafikiwa vizuri, na dereva aliyechelewa kupanga foleni ya abiria ameshakanyaga mafuta. Dakika hizo za mwanzo ndizo zinazoila injini.

"Lakini presha inapanda!" Ndiyo, inapanda. Inapanda kwa sababu oili inakataa kupita. Anayevuta uji mzito kwa mrija anatoa jasho, ila kinachofika mdomoni ni kidogo. Tena pampu ya oili ina valvu ya kupunguza presha, na presha ikizidi, valvu hiyo huirudisha oili kwenye sampu kabla haijafika inakohitajika. Presha njema ni ile inayokuja na oili ya uzito uliopangwa.

Je, upo wakati wa kupanda uzito? Upo. Kama taa ya oili inawaka na kuzimika injini ikiwa moto na gari limesimama, mwambie fundi apime presha kwa geji, asikisie kwa sikio. Ikiwa kweli iko chini, au ukipima kwa dipstiki ukaona gari linamaliza lita nzima katika kilomita elfu moja au mbili, panda ngazi moja: toka 5W-30 uende 10W-40. Huo ni uamuzi wenye kipimo. Kuruka moja kwa moja hadi 50 kwa sababu nambari ya usajili ni ya zamani ni kubahatisha.

Na kabla hujapanda hata hiyo ngazi moja, uliza oili inakwenda wapi. Moshi wa buluu unaotoka asubuhi tu ukiwasha, au unaotoka pale unapokanyaga mafuta baada ya kushuka mteremko wa Maragoli kuelekea Kisumu, mara nyingi ni mpira wa valvu uliokauka. Moshi usiokoma ni ringi za pistoni, zimelika au zimegandiana kwa masizi. Ringi iliyogandiana haiganduliwi na oili nzito. Kuna pia valvu ndogo ya kupumulia injini, ile iitwayo PCV, spea ya bei ndogo sana: ikiziba, hewa ya ndani inakosa njia, inasukuma oili nje kupitia sili na kuipeleka kuchomwa. Nimeona watu wakifikia kuuza gari kwa hasara kabla ya mtu yeyote kuitazama valvu hiyo. Halafu kuna injini zinazokula oili kwa maumbile. 1ZZ-FE ya lita 1.8, iliyomo katika Premio na Wish nyingi, ilitoka kiwandani mwanzoni ikiwa na pistoni zenye matundu madogo mno ya kurudishia oili, hadi Toyota ikazibadilisha baadaye. Ugonjwa wa namna hiyo ulizaliwa na gari, haukuletwa na miaka.

"Oili ni oili, bora iteleze."

Hili ndilo dai linaloua injini nyingi kuliko lile la uzito, na hulisikii likisemwa kwa mdomo, unaliona likitendeka. Dereva ananunua nusu lita ya kupimiwa kutoka kwenye pipa, hajui uzito wake, hajui iliundwa kwa ajili ya nini, anatia na kuondoka.

Mtungi wa oili una kitu cha pili cha kusoma mbali na uzito: herufi mbili zinazofuata neno API, yaani Taasisi ya Petroli ya Marekani. Zikianza na S, oili ni ya injini ya petroli. Zikianza na C, ni ya dizeli. Herufi ya pili inaonyesha kizazi, na kadiri inavyosonga mbele katika alfabeti ndivyo kizazi kinavyokuwa kipya. SA haina dawa yoyote ndani yake, na API yenyewe inaonya isitiwe kwenye injini nyingi zilizoundwa baada ya mwaka 1930. SF haifai injini nyingi za petroli zilizoundwa baada ya 1988. SL ilikuja 2001, SN ikaja 2010, SP ikaja 2020. Tofauti kati yao ni dawa za kuosha masizi, za kuzuia oili isigeuke tope, na za kulinda chuma kinapogusana na chuma.

Mtungi wa SF unaouzwa dukani leo kwa bei ya kuvutia ni mpya kwa tarehe tu. Mchanganyiko wake uliwekewa injini zilizotangulia 1989. Probox ya 2005 ukiitilia hiyo kwa miaka miwili mitatu, usishangae ukifungua kifuniko cha juu ukakuta tope jeusi limekaa kama lami, na kile kichujio cha VVT-i kimeziba. Kwa magari haya yetu ya kuanzia 2001 hivi, usishuke chini ya SL. Ukipata SN au SP, chukua; herufi za mbele zinachukua kazi ya zile za nyuma.

Mwenye Peugeot au Land Rover ataniuliza: si nasikia oili mpya zimepunguziwa fosforasi, zinakula kamshafti za zamani? Zimepunguziwa kweli, tangu kizazi cha SM cha 2004, ili kulinda kisafisha moshi kilicho kwenye bomba la ekzosti. Lakini kikomo hicho, asilimia 0.08, kimewekewa oili nyepesi kama 5W-30 na 10W-30. 15W-40 na 20W-50, zile unazotumia wewe, hazibanwi nacho.

Na oili ya dizeli kwenye petroli? Soma mtungi. Ukiona herufi mbili mbili, mathalani CI-4/SL, imepasishwa kwa kazi zote mbili. Ukiona C peke yake, iache kwa Hiace na trekta la miwa. Kinyume chake ni kibaya zaidi: oili ya petroli tupu kwenye Hiace ya dizeli haina nguvu ya kubeba masizi yanayozalishwa humo.

"Sintetiki huvujisha injini kuukuu."

Mtu anatia oili ya sintetiki kwa mara ya kwanza, wiki mbili baadaye anaona doa la oili chini ya gari, na kuanzia hapo amekuwa mhubiri. Ninamwelewa. Sintetiki za kwanza kuuzwa kwa magari ya watu binafsi, miaka ya 1970, hazikuelewana vizuri na sili za wakati huo, na sifa mbaya ikabaki hata baada ya michanganyiko kurekebishwa. Kinachotokea leo ni kingine. Sili iliyokauka na kupasuka ilikuwa imezibwa na uchafu. Oili yenye dawa nzuri za kuosha imeutoa uchafu, na upungufu uliokuwapo tangu zamani ukaonekana. Badilisha sili.

Hata hivyo simshauri kila mtu wa Shinyalu anunue sintetiki kamili. Ni ghali, na kwa gari linalokula oili ni pesa inayochomwa. Oili ya madini au ya nusu sintetiki, yenye uzito unaofaa na herufi za SL kwenda juu, ikibadilishwa kwa wakati, inamtunza mwenye Probox vizuri kuliko sintetiki iliyokaa ndani mwaka mzima. Na kama injini ina tope la miaka, usikubali kuoshwa kwa dawa kali ya dakika kumi. Tope likibanduka kwa pamoja huenda kuziba mdomo wa pampu. Afadhali ubadilishe oili ya kawaida mara mbili au tatu kwa kilomita chache chache, na filta kila mara.

"Oili nyeusi imekufa."

Si lazima. Ya Hiace ya dizeli huwa nyeusi siku ile ile ilipotiwa, kwa sababu inafanya kazi yake ya kubeba masizi. Ya kuogopa ni ile inayogeuka rangi ya chai ya maziwa kwenye dipstiki, maana hapo maji yameingia, pengine kwa gasketi ya hedi. Hesabu kilomita na miezi, usihesabu rangi.

"Usimwage, ongeza tu."

Hili ni dai la umaskini, na sina moyo wa kumkemea mtu anayetafuta mia tano za kumaliza siku. Lakini hesabu inakataa. Injini ya 1NZ-FE inachukua lita 3.7 pamoja na filta. Ukiongeza nusu lita kila baada ya siku kadhaa, zile lita tatu zilizobaki bado ni zile zile zenye asidi, maji, petroli isiyoungua na vumbi la chuma. Dawa zake zimekwisha na hiyo nusu lita haizifufui. Filta nayo ikijaa, valvu yake ya dharura inafunguka, na oili inapita bila kuchujwa kabisa.

Kazi ya magari yetu ndiyo ngumu kuliko zote kwa oili: safari fupi fupi kati ya Shinyalu na Khayega, kusimama na kuondoka, abiria kupita kiasi, kungoja injini ikiwaka kwenye stendi, matope msimu wa mvua na vumbi msimu wa jua. Ile nambari ya kilomita elfu kumi unayoiona kwenye mitungi ni ya mtu anayekwenda barabara kuu kwa mwendo mmoja. Kwa gari la abiria la hapa, elfu tano ndio mwisho, na kama linakula oili au limeshapata tope, elfu nne. Lita nne na filta kila elfu tano ni nafuu kuliko injini ya mtumba, na injini ya mtumba yenyewe huijui ilitiwa nini huko ilikotoka.

"Kuna dawa ya kumaliza moshi."

Kopo hilo lina kemikali ya kuifanya oili iwe nzito zaidi. Moshi unapungua kwa wiki chache, ringi zinabaki zilivyo. Mnunuzi wa gari la mkononi ajue hilo: ukichomoa dipstiki na oili ikavutika kama asali, mwulize muuzaji anaficha nini.

"Nimenunua mtungi wa jina kubwa, basi niko salama."

Jina kubwa ndilo linaloigwa. Mitungi mitupu huokotwa kwenye magereji, hujazwa oili chafu iliyochujwa, na kufungwa upya. Tazama sili ya kifuniko, tazama kama lebo imepinda au rangi imefifia, tazama nambari ya toleo kama imechapishwa au imebandikwa. Bidhaa yenye alama ya ubora ya KEBS ina nambari ya kibali chini ya alama hiyo. Tuma SM# ikifuatwa na nambari hiyo kwa 20023, na ujumbe utakaorudi ukuambie kibali ni cha nani na ni cha bidhaa gani. Ukimaliza kutia oili, toboa mtungi kwa bisibisi au uukate kwa kisu kabla hujautupa. Ni kazi ya sekunde chache, na inamnyima mwigaji malighafi yake.

"Oili chafu ni dawa ya mchwa, haina neno."

Kila boma linaipaka kwenye nguzo za ua, na ni kweli mchwa huikimbia. Lakini oili iliyotoka injini ina metali na kemikali za masizi zinazodhuru ngozi na zinazoweza kuleta kansa, na kanuni za taka za Kenya za mwaka 2006 zinaihesabu miongoni mwa taka hatari. Ile inayomwagwa nyuma ya gereji inafuata mvua hadi Isiukhu na Yala, mito inayopita katika Msitu wa Kakamega, mabaki pekee ya msitu wa mvua wa aina ya Kongo tuliyo nayo nchini. Mafundi, wekeni pipa moja lenye kifuniko. Wapo wanunuzi wanaoikusanya kwa ajili ya matanuri na viwanda.

Limebaki jambo moja ambalo wengi hawalifanyi kwa kudhani haliwezekani. Probox yako ilikuja na kitabu, na kitabu kile kimeandikwa Kijapani, kwa hiyo kinakaa ndani ya dashibodi bila kuguswa. Kifungue. Katikati ya maandishi usiyoyajua utakuta ukurasa ambapo 5W-30, 10W-30 na SL zimechapishwa kwa herufi unazozisoma, pamoja na ujazo wa oili kwa lita. Kama kitabu kimepotea, magari mengine yameandikwa uzito juu ya kifuniko cha kujazia oili. Upige picha ukurasa huo kwa simu, na kesho ukifika gereji umwonyeshe fundi kabla hajafungua mtungi wowote.